Aliyembeba Mwenzake

Pune, 12 Januari 2011

Mdogo wangu Sulu,

Natumaini kikohozi kimekuachia, na shemeji Anant ameacha kuyasimanga magoti yake kama watoto watukutu. Hapa tu wazima. Wifi yako Mangal ametengeneza achari ya malimau ya kulisha kikosi kizima cha jeshi, na chupa mbili zina jina lako. Najua utanicheka kwamba naandika barua wakati simu ipo. Lakini simu yenu iko sebuleni, na sebuleni yupo mkaza mwanao, na mimi nikiongea na dadangu sipendi kuongea na ukoo mzima.

Sasa sikiliza habari. Unawajua wale wenzangu tunaotembea nao alfajiri chini ya kilima cha Parvati? Kusum Gokhale, yule mwalimu mkuu mstaafu, ameamua twende Ladakh mwezi wa sita. Akiamua yeye, imeamuliwa. Tuko kumi na mmoja. Mdogo wetu ana miaka hamsini na mitano, mkubwa wetu ni Mzee Deodhar mwenye sabini na mmoja. Ndege kutoka Delhi hadi Leh, siku mbili za kulala kama paka mpaka miili izoee hewa nyepesi, halafu barabara ya Khardung, zaidi ya mita elfu tano juu, kisha ziwa la Pangong. Siku tisa kwa jumla.

Kiongozi nani? Kakako! Kila asubuhi nawapandisha ngazi za hekalu la Parvati mara tatu, kila mmoja na kilo mbili za mchele mgongoni. Jana Kusum alisimama katikati, mikono kiunoni, akaniambia, "Bwana Ketkar, mchele huu utaiva kabla hatujafika juu!" Nimewaandikia orodha: cheti cha daktari, soksi za sufu jozi nne, kofia ya kufunika masikio, vidonge vya mwinuko, maji kila saa, na siku ya kwanza hakuna kuoga. Mzee Deodhar aliposikia hilo la kuoga nusura ajitoe.

Nafasi mbili bado zipo. Njoo na shemeji. Tangu tulipokuwa watoto hatujasafiri pamoja, isipokuwa kwenda kwenye harusi na mazishi.

Nakuwekea kipeperushi alichokichapisha Kusum. Picha yangu ni ya zamani, usizicheke nywele.

Kakako,
Shripad


Nagpur, 20 Februari 2011

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na shughuli ya mtoto wa mdogo wake Anant, wageni arobaini, halafu Anant akateleza bafuni, na daktari amesema goti la kushoto litapasuliwa mwaka huu huu. Analia zaidi kwa chakula cha hospitali kuliko kwa kisu. Machungwa yamekuwa mengi msimu huu, nimekutumia kikapu kwa mtoto wa jirani anayesoma huko Pune. Mwambie wifi achari nimeipokea, ni kali kama ulimi wa marehemu shangazi.

Kuhusu Ladakh, hatutakuja. Nimeshakwambia la goti.

Kipeperushi nakurudishia. Sina mahali pa kukiweka ndani ya nyumba hii. Kuna maneno mawili nimeyapigia mstari kwa penseli, ukitaka unaweza kuufuta.

Umewaandikia wenzako orodha ndefu. Sikuona umeandika nini mtu afanye kichwa kikianza kumuuma kule juu.

Sulabha


Pune, 3 Machi 2011

Sulu,

Machungwa yamefika, Mangal anakushukuru. Tunamwombea shemeji, goti si mchezo.

Maneno uliyoyapigia mstari chini ya picha yangu ni "aliyembeba mwenzake."

Niliifungua barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa. Kwa siku nane nilijiambia kwamba hukuwa na maana yoyote, kwamba ni penseli tu. Leo naandika kwa sababu ya jambo lililotokea jana kwenye ngazi.

Tulikuwa mzunguko wa tatu. Mzee Deodhar alikuwa mbele yangu, akawa anapanda kama mtu anayepanda ndani ya maji. Nikamuuliza, "Mzee, vipi?" Akasema, "Safi kabisa." Ngazi kumi mbele akashika ukuta, akatapika, uso umekuwa wa majivu. Tulimlaza, Kusum akamlegeza shati. Aliporudiwa na sauti ilibainika kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma tangu nyumbani na kifua kinambana tangu wiki iliyopita.

Nikamfokea. "Kwa nini hukusema, bwana? Unataka kutufia hapa?"

Akanitazama, Sulu, kwa macho ya mtoto aliyeshikwa. Akasema, "Wewe ulimbeba mtu mzima kwenye barafu. Mimi nishindwe na ngazi za hekalu? Ningekutazamaje?"

Wenzangu wakacheka kwa kumwonea huruma. Mimi nilienda nyuma ya ukuta nikajifanya natafuta chupa ya maji.

Sijui unajua nini. Labda hujui chochote, labda nilijiwekea mwenyewe maana katika penseli yako. Lakini nitakuandikia ilivyokuwa, kwa mara ya kwanza, na ukimaliza kusoma uichome hii karatasi au umsomee Anant, hiari yako.

Mei 1974. Klabu ya milima ya chuo chetu, watu tisa, tukivuka kipito cha kati ya vilele juu ya Manali. Prabodh Kolhatkar alikuwa rafiki yangu na alikuwa mchumba wako, baba alikuwa amekwisha kukubali kwa mdomo. Kambi ya pili kichwa kilianza kuniuma. Kiongozi alituuliza mmoja mmoja, nikasema niko safi kabisa. Maneno yale yale ya Deodhar. Asubuhi nilikuwa naona vitu viwili viwili, nikasema niko safi. Kambi ya juu nilianguka, sikuweza kusimama. Kiongozi na wengine walikuwa wameshatangulia kipitoni. Aliyebaki nyuma nami alikuwa Prabodh.

Alinibeba. Tangu adhuhuri mpaka jua linazama. Pale aliposhindwa kunibeba alinivuta juu ya theluji kwa kamba. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa, akanivua, akanivisha vya kwake vilivyokuwa vikavu, akavaa vyangu. Hivyo ndivyo vidole vinne vya mguu wake wa kulia vilivyokufa.

Yeye alilazwa miezi miwili hospitali ya huko huko. Mimi nilirudi nyumbani siku ya kumi, na kituoni alikuwepo baba na mtu wa gazeti. Wakaniuliza nani kamwokoa nani. Sikupanga, Sulu. Mdomo ulifunguka wenyewe. Na baba alipouliza sababu ya kuumia kwa Prabodh, nilisema kwamba ni mtu asiyesikia la kiongozi, mzembe, kwamba alitaka kutuua wote. Kwa hilo baba akavunja uchumba wako. Kwa hilo hilo shule ikanipa kazi ya ualimu wa michezo, na miaka thelathini na nne nimewasimulia watoto wa watu habari ya ushujaa wangu.

Nimekuharibia maisha na sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Sijui nikuombe kwa maneno gani.

Wenzangu hawajui. Bado mimi ni kiongozi. Kesho asubuhi watanisubiri chini ya kilima.

Shripad


Nagpur, 17 Aprili 2011

Kaka,

Hujambo, na wifi hajambo? Hapa joto limeshaanza kuua, tumefunga mapazia yaliyoloweshwa madirishani. Goti la Anant litapasuliwa tarehe kumi na tano Juni. Anakusalimu. Sikumsomea barua yako.

Nimechukua wiki sita kujibu na najua zilivyokuwa kwako. Sikukawia kwa hasira. Kila nikikaa kuandika nilikuta kuna nguo za kukunja.

Umesema umeniharibia maisha. Kaka, mimi nimeishi vizuri. Anant ni mtu mwema, anakoroma, ananiletea maua ya nywele kila Ijumaa hata sasa nywele zikiwa zimebaki za kuhesabu. Kwa hiyo ondoa hilo.

Lipo lingine. Nilijua.

Nilijua tangu Septemba mwaka ule ule. Baba alikuwa kazini, mama hekaluni, wewe ulikuwa umekwenda shuleni kupokea ile barua ya kazi. Mlango ulibishwa. Nikauliza nani, akasema, "Ni mimi, Sulu. Prabodh." Nilisikia mkongojo ukigonga sakafu ya kibarazani.

Nikaenda mpaka mlangoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Akasema, "Usipotaka kufungua, si neno. Sikuja kumshtaki mtu. Nataka tu wewe ujue ilivyokuwa." Akasimulia. Viatu, kamba, theluji, yote uliyoniandikia, ila kwamba yeye hakutaja jina lako hata mara moja, alisema "mwenzangu." Nilimwamini kila neno. Nilikujua wewe, na nilimjua yeye.

Alipomaliza alingoja. Sijui ni muda gani. Na mimi nilikuwa nawaza nini, kaka? Nitakuambia, kwa kuwa nawe umeniambia. Nilikuwa nawaza kwamba ile kazi ya reli aliyoahidiwa hawatampa tena, maana ameshindwa kipimo cha daktari. Nilikuwa nawaza nitatembeaje sokoni pamoja na mtu wa mkongojo. Nilikuwa nawaza kwamba akina Deshkar wa benki wameshatuma mtu kuniulizia posa. Nilikuwa na miaka ishirini na nilihesabu haraka haraka kama muuza mboga.

Sikufungua. Sikujibu. Nilijifanya hakuna mtu ndani, ingawa nilikuwa nimeshauliza nani. Akashuka ngazi moja moja.

Baba aliporudi ningeweza kusema. Mama alinishika mkono akaniuliza, "Umeumia, mwanangu, kwa uchumba kuvunjika?" Nikalia, akadhani ni huzuni. Uongo wako ulinifaa. Uliniwezesha kumwacha mtu mwema na bado nihurumiwe. Wewe umebeba dhambi moja kwa miaka yote hii ukidhani ni yako peke yako, na mimi nilikuacha uibebe kwa sababu nusu yake ilikuwa yangu.

Kipeperushi kilinikasirisha kwa sababu hiyo. Mtu anayeona aibu yake imechapishwa kwa jina la mwingine hukasirika vibaya.

Usinijibu kwamba nilikuwa mdogo. Hilo nimeshajiambia.

Sulabha


Pune, 9 Mei 2011

Sulu,

Sitakuambia ulikuwa mdogo.

Mangal anauliza kama utahitaji mtu wa kukusaidia wiki ya upasuaji, yuko tayari kuja. Mjibu yeye mwenyewe, la sivyo atafunga mizigo bila kusubiri.

Nimewaambia wenzangu. Ilikuwa Jumapili, tumekaa kwenye nyasi baada ya ngazi, Kusum anagawa fomu za cheti cha daktari. Mzee Deodhar alikuwa amerudi, ameketi mbele kabisa na fomu yake tupu. Nilisimama. Nikasema, "Mimi sikumbeba mtu. Mimi nilibebwa." Nikaeleza yote, nikataja jina la Prabodh mara tatu ili lisikike.

Mmoja wetu alikuwa anamenya yai, akabaki na yai mkononi.

Mzee Deodhar ndiye aliyeanza. "Nimewasimulia wajukuu zangu habari yako," alisema. "Wana picha yako ukutani."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Sitaki kukusamehe. Nataka uniambie nitawaambia nini."

Akachukua mkoba wake wa mchele, akaumwaga wote kwenye nyasi, taratibu, njiwa wakaja. Akaondoka. Siku ya pili alikwenda kwa daktari, si kwa ajili ya cheti bali kwa ajili ya kifua, na daktari akamzuia hata hizi ngazi za Parvati, achilia mbali Ladakh. Mshipa wa moyo umeziba. Mkewe alinipigia simu, akasema, "Bora hujamuua," akakata.

Kusum amechukua uongozi. Hakunitukana. Alisema tu, "Utakuja kama abiria, Bwana Ketkar, na kila asubuhi utakuwa wa kwanza kuniambia kichwa chako kikoje." Wengine wananisalimu kama mtu aliyefiwa. Afadhali wangenizomea.

Halafu nilikwenda Amravati. Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua ungenizuia. Prabodh ana duka dogo la kujalidi vitabu nyuma ya chuo, harufu ya gundi hadi barabarani. Mvi tupu. Bado anachechemea. Aliniona mlangoni akasema, "Ketkar. Umenenepa." Kisha akamwita mkewe, Nirmala, alete chai.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alikuwa anashona kurasa za kitabu cha sheria, hakuacha. Akasema, "Nilikuchukia miaka kama kumi na mitano. Nilikuwa nikiamka nakuchukia, nalala nakuchukia. Halafu binti yangu akapata homa ya matumbo, nikasahau kukuchukia mwezi mzima, na alipopona sikuweza tena kuanza. Ni kazi nzito, bwana, nayo haina mshahara."

Nikasema nimekwisha kuwaambia watu. Akasema, "Vizuri. Vidole havitaota lakini vizuri."

Nilipokuwa navaa viatu ili niondoke, ndipo akaniuliza. Hakunitazama. "Sulu alijua lolote? Nilikuja kwenu mara moja. Sikufunguliwa."

Sulu, barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema, "Hilo ni lake kukwambia." Nilitembea mpaka kituoni nikiona aibu kwamba sikusema, na ningeona aibu vile vile kama ningesema. Sijui tena ipi ni ipi.

Anwani yake naiandika nyuma ya karatasi hii.

Nafasi ya Deodhar iko wazi. Tunaondoka tarehe kumi na mbili Juni. Najua jibu lako, nimeandika tu.

Shripad


Nagpur, 2 Juni 2011

Kaka,

Mvua ya kwanza imenyesha jana, ya dakika kumi, lakini watu wote walitoka nje kuinusa. Anant amepunguza uzito kilo nne kwa amri ya daktari na ananichukia kwa kila chapati ninayomnyima. Mwambie wifi aje tarehe kumi na nne, nitafurahi sana, na alete hiyo achari maana mgonjwa ataitaka. Mimi siwezi kuja Ladakh, unajua.

Jumanne iliyopita nilimwambia Anant nakwenda Amravati kumwomba radhi mtu niliyemkosea kabla sijaolewa. Akasema, "Chukua mwavuli." Hakuuliza zaidi. Nitamweleza baada ya upasuaji, si kabla.

Duka nililipata kwa harufu, kama ulivyosema. Hakunitambua. Nikasema, "Mimi ni Sulabha, dadake Shripad Ketkar," akaweka sindano chini. Nirmala alikuja akanikaribisha, mwanamke mkunjufu, mnene, anacheka na kila kitu. Aliingia ndani kukaanga vitumbua vya dengu. Nilijua nina muda wa karai moja tu.

Nikamwambia nilikuwa ndani siku ile. Nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, nimesikia neno kwa neno. Nilimwambia na ile hesabu niliyokuwa nikiipiga kichwani, reli, mkongojo, akina Deshkar. Sikulia. Nilikuwa nimejiapiza nisilie, kwa sababu nilishalia safari moja kwa jambo hili nikapata huruma isiyo yangu.

Akasema, "Nilijua."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema, "Mlango wenu ulikuwa mfupi, haukufika chini. Niliiona miguu yako. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe."

Kaka, nilikuwa nimesahau. Wiki ile nilijikwaa kwenye jiwe la kufulia. Mimi nimesahau, na yeye amekaa na kitambaa hicho miaka thelathini na saba.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuuliza wewe. Akasema alitaka kujua kama nitakuja.

Kutoka jikoni mafuta yalikuwa yanalia. Nikamuuliza jambo ambalo limenichoma zaidi, kwamba ikiwa aliniona nimesimama pale, amejua kwamba sitafungua, kwa nini aliendelea kusimulia mpaka mwisho.

Akachukua sindano yake, akalitafuta tundu lake kwa uzi, macho yamechoka. Akasema, "Kwa sababu hukuondoka."

Nirmala akaja na sahani, nikala viwili, sijui ladha yake. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi chini ya mwavuli wangu, na njia nzima alikuwa akinieleza kwamba dengu zilowekwe masaa mangapi. Nilimwitikia kila neno, na nilipopanda basi nilikuwa sikumbuki hata moja.

Salimia wote.

Sulabha